Nikiacha robo ekari ya mto bila mahindi, nani atanilipa?

Jumapili moja ya mwezi wa pili, kabla matrekta hayajaanza kunguruma Endebess, nilimwambia Mzee wangu neno ambalo mpaka leo ndugu zangu hunitania nalo. Nilimwambia mwaka huu tusilime ile sehemu ya chini ya shamba, pale inapogusa mto. Ni kama robo ekari tu. Tuweke miti na nepia, udongo ukae.

Mzee aliweka kikombe cha chai chini polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Aliuliza tu: "Sawa, kijana. Hiyo miti italipa ngapi? Na italipa lini?"

Nikabaki kimya. Mimi huyu ambaye nashinda Kitale na simu mkononi, nikiandikia watu mtandaoni habari za tabianchi na misitu, nilinyamazishwa na maswali mawili ya mtu aliyeachia shule darasa la saba. Mathee alicheka, akaniongezea chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu. Nimesoma, nimeuliza, nimepiga hesabu nyuma ya daftari la zamani la chuo (niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini daftari zilibaki). Haya ndiyo niliyopata.

Udongo wetu hausafiri na nauli

Kwa wenye hawajafika kwetu: Endebess iko Trans Nzoia, mguuni mwa Mlima Elgon. Ukitoka Kitale unashika matatu ya barabara ya Suam, unapita mahindi hadi macho yanachoka, halafu mlima unajitokeza mbele yako. Wageni hupita hapa wakienda mbuga ya Mlima Elgon kuona pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kutafuta chumvi kwenye kuta. Wanapiga picha, wanarudi Nairobi.

Kitu ambacho hawapigi picha ni maji. Yanayoshuka mlimani hapa hayabaki hapa. Mengine huingia mto Koitobos, yakajiunga na Nzoia, yakateremka hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Mengine hufuata mto Suam kwenda kaskazini hadi bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya umeme ya megawati 106. Kwa hivyo wewe unayesoma hapa ukiwa umechomeka chaja ukutani, huenda kuna siku umechaji simu kwa maji ya kwetu.

Udongo nao husafiri, tena bila nauli. Mvua ikinyesha kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto, ile tabaka ya juu yenye rutuba hubebwa yote. Yetu hubebwa karibu kila mwaka. Ile robo ekari ya chini, mwaka mzuri inatupa magunia mawili ya mahindi. Mwaka wa mvua kali, haitupi kitu, na mbolea tuliyonunua inaenda kulisha samaki.

Sasa mtu wa mjini ataniuliza: kama haitoi kitu, mbona mnailima?

Jibu ni rahisi. Kuna mtu anayetusaidia kuilima. Hakuna anayetusaidia kuiacha.

Hesabu ya mfuko wa mbolea

Septemba 2022, serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Mwaka wa 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Mkulima anajisajili kijijini, anapata ujumbe kwenye simu, anakwenda kuchukua mifuko yake kwenye ghala. Foleni za Kitale tunazijua. Kuna watu walilala huko.

Piga hesabu na mimi. Kwa kipimo cha Mzee, ekari moja ya mahindi hutaka mfuko mmoja wa kupandia na mwingine wa kukuzia. Kwa lile punguzo la kwanza la 2022, serikali ilimwondolea shilingi 3,000 kwa kila mfuko. Mara mbili, ni shilingi 6,000 kwa ekari. Gawa kwa nne upate robo ekari: shilingi 1,500.

Yaani ile sehemu ya mto, ambayo mimi nataka ipumzike, ilikuwa imewekewa shilingi 1,500 za umma ili ilimwe. Nikiiacha, hiyo pesa haigeuki kuwa pesa ya miti. Inapotea tu.

Sisemi ruzuku ya mbolea ni mbaya. Mwaka ule wa 2022, bila hiyo, wengi kwetu wangepanda kwa mate. Ninachosema ni kwamba mkulima si mjinga. Akiona pesa iko upande wa kulima na upande wa kuhifadhi kuna hotuba, atalima hadi ndani ya maji.

Na hotuba zipo nyingi. Desemba 2022 ulizinduliwa mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kitaifa ya kupanda miti. Nilienda, nikapanda, nikapiga selfi. Miche niliyopanda kando ya barabara ililiwa na mbuzi kabla Krismasi haijafika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichunga.

Sheria pia zipo. Kanuni za maji zinataka uache nafasi ya angalau mita 6 kutoka ukingo wa mto, na inaweza kufika mita 30 kulingana na upana wa mto wenyewe. Kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mwenye shamba aweke miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Ukiuliza wakulima kumi kwetu kuhusu hiyo asilimia 10, tisa watakuangalia kama mtu wa sensa.

Kitu kinachokaribia malipo ya serikali ni ule mpango wa kulima ndani ya msitu wa serikali, ambao wazee bado wanauita shamba sistimu na siku hizi unaitwa PELIS. Unapewa kipande mahali miti imevunwa, unapanda viazi au maharagwe huku ukitunza miche ya miti, na miti ikikua unahama. Hapo unalipwa kwa ardhi badala ya pesa. Lakini hiyo ni miti ya serikali kwenye ardhi ya serikali. Kwa mti wangu, kwenye shamba letu, sijapata dirisha la kwenda kudai chochote.

Jamaa wa fomu

Pale penye pengo, wajanja hujaa.

Mwaka wa 2023 jamaa mmoja alikuja kijijini kwetu na pikipiki, jaketi la kung'aa na furushi la fomu. Alisema wazungu wananunua hewa. Ukipanda miti 200, alisema, utakuwa unapokea dola kila mwaka kwa simu, na hautakikani kufanya kitu kingine. Alitaka nakala ya kitambulisho, nakala ya hati ya shamba, na shilingi 500 za usajili.

Mathee alilipa. Akatoa na nakala zote mbili. Sikuwa nyumbani siku hiyo, na hata ningekuwepo, sijui kama ningesema kitu, kwa sababu wakati huo mimi mwenyewe sikujua kaboni inauzwaje.

Namba ya huyo jamaa haipatikani tangu mwaka huo. Shilingi 500 hatuzililii. Kinachonikosesha usingizi ni ile nakala ya hati, kwa sababu sijui iko mkononi mwa nani.

Ndiyo maana niliamua kujifunza hii biashara, kwanza nikianza na watu waliolipwa kweli. Na sikuhitaji kwenda mbali, walikuwa hapo kwa jirani, Bungoma.

Bungoma waliuza udongo

Wazee wa Kitale wanalijua jina Vi. Ni shirika la Uswidi lililoanza mwaka wa 1983 kwa michango ya wasomaji wa jarida linaloitwa Vi, na kazi yake ya kwanza ya kupanda miti ilikuwa pande zetu hizi na Pokot Magharibi. Baadaye likaitwa Vi Agroforestry.

Shirika hilo ndilo lililoendesha mradi wa kaboni ya kilimo nchini Kenya, katika Bungoma, Siaya na Kisumu, na mnunuzi alikuwa Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia. Mkataba wa ununuzi ulitiwa saini 2010. Ulilenga wakulima takriban 60,000 na hekta 45,000. Wakulima walifanya vitu vya kawaida kabisa: wasichome mabua bali wayaache shambani, watengeneze mboji, wapande miti katikati ya mimea, wachimbe makinga maji. Udongo ukihifadhi mabaki hayo, unahifadhi pia kaboni ambayo ingepaa hewani.

Hakuna aliyeenda kuchota udongo wa kila shamba apeleke maabara. Walikusanya taarifa za yale wakulima waliyofanya, wakaziingiza kwenye hesabu za kompyuta, zikatoa makadirio. Januari 2014 ndipo cheti cha kwanza kilipotoka: tani 24,788 za hewa ya ukaa. Ilikuwa habari ya dunia nzima, mara ya kwanza kaboni ya udongo kupata cheti chini ya mfumo ule.

Sasa toa kalamu. Tani 24,788 ukigawia wakulima 60,000, hata nusu tani kila mmoja hapati. Tuseme kwa mfano tu tani moja inauzwa dola 5. Jumla ni karibu dola 124,000. Kila mkulima, dola 2 na senti kidogo. Kwa dola ya shilingi 130, ni kama shilingi 270. Hata ukisema wakati huo waliokuwa wamejiunga walikuwa nusu tu, ni shilingi 540, na hiyo ni kabla ya gharama za wapimaji, wakaguzi na ofisi kutolewa. Ndiyo maana pesa zilipitia vikundi, hazikutumwa kwa simu ya mtu mmoja mmoja.

Nilipofika hapo nilitaka kufunga daftari. Mzee ameshinda, nikasema.

Lakini mradi wenyewe haukuwa umewaahidi wakulima utajiri wa kaboni. Faida waliyotarajiwa kuiona ilikuwa mahindi. Mabua yakioza shambani, mboji ikiingia, maji yakisimama badala ya kukimbia, mavuno hupanda, na ripoti za mradi zilionyesha yalipanda. Kwa lugha ya kwetu, kaboni ilikuwa soda, ugali ulikuwa shambani. Wakosoaji nao hawakukosa la kusema. Waliuliza kwa nini pesa nyingi ziishie kwa upimaji na ushauri badala ya kumfikia mwenye jembe. Ukiiangalia ile hesabu ya dola 2, ni vigumu kuwalaumu kwa kuuliza.

Jamaa wa fomu alijua sehemu ya kwanza ya hadithi hii. Sehemu ya dola 2 aliiruka.

Hoima walipewa bei wazi

Nikavuka mpaka, kwenye karatasi lakini. Magharibi mwa Uganda, Hoima na Kibaale, watafiti walifanya jaribio safi sana kati ya 2011 na 2013. Walichukua vijiji 121. Katika vijiji 60, wenye misitu kwenye mashamba yao waliambiwa: ukiacha kukata, tutakulipa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka. Wakati huo ilikuwa kama dola 28. Vijiji 61 vilivyobaki havikupewa kitu. Halafu wakaangalia picha za setilaiti.

Matokeo yalichapishwa 2017 katika jarida la Science. Vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti yao. Vilivyolipwa vilipoteza asilimia 4.2. Yaani karibu nusu ya ukataji ilikatizwa.

Dola 28 kwa hekta si utajiri. Ni kama dola 11 kwa ekari. Lakini angalia jinsi ilivyotolewa: bei inajulikana kabla, kipimo ni hekta, muda ni miaka miwili, na mtu huja kukagua. Hakuna "utapokea dola siku moja". Mkulima anaweza kuamua kwa sababu ana namba mkononi. Na waliojiunga hawakujiunga na ardhi yote, waliweka misitu yao na wakaendelea kulima kwingine.

Hapo ndipo niliona kosa langu kwa Mzee. Nilimwambia habari za sayari badala ya kumpa bei.

Naivasha, anayetumia maji ndiye alilipa

Kuna mfano mwingine wa hapa Kenya. Kuanzia 2010, watumiaji wa maji wa Ziwa Naivasha, wakiwemo wenye mashamba ya maua, walichangia kuwapa vocha wakulima wadogo wa juu, upande wa Nyandarua. Mashirika ya WWF na CARE yalikuwa katikati kuunganisha. Mkulima wa juu anaweka mistari ya nepia na nyasi kwenye mteremko, anapanda miti, anaacha kulima kando ya mto. Wa chini anapata maji yasiyo na tope. Vocha hiyo mkulima aliibadilisha na vitu vya shambani.

Nimependa huu kwa sababu haukuanza na mtu wa Ulaya anayetaka kusafisha moshi wa ndege yake. Ulianza na jirani wa chini anayekunywa maji ya jirani wa juu. Weka ramani ya Endebess mezani uulize swali hilo hilo: nani yuko chini yetu? Kuna umeme wa Turkwel. Kuna miji ya bonde la Nzoia inayochota maji huko. Kuna Budalang'i, ambako mto ukivunja kingo watu hulala shuleni na kaunti na serikali kuu hutafuta pesa za mahema na unga. Pesa za mafuriko hupatikana kila mafuriko yakija. Za kumlipa mtu wa juu asilime ukingo hazijawahi kutajwa kwenye baraza lolote nililohudhuria.

Na si ndoto. Costa Rica iliweka sheria ya misitu mwaka wa 1996, na tangu hapo serikali humlipa mwenye shamba anayetunza msitu, sehemu ya pesa ikitoka kwa ushuru wa mafuta ya magari. Marekani, tangu sheria ya kilimo ya 1985, humlipa mkulima kodi ya kila mwaka kwa ardhi dhaifu anayoacha kulima, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. China ilianza 1999 kuwapa wakulima wa miteremko nafaka na pesa ili warudishe miti. Hata huko kuna malalamiko, lakini angalau dirisha la kulipia lipo.

Jina kwenye hati si langu

Hapa ndipo panapouma vijana, na sijaona tukipaongea sana.

Tuseme kesho serikali ifungue dirisha Endebess. Tuseme inalipa bei ya Hoima au hata mara tatu yake. Nani ataitwa? Mwenye hati. Na hati yetu bado ina jina la kuka, babu yangu, aliyezikwa miaka kumi na zaidi iliyopita. Mirathi haijafanywa kwa sababu ndugu watano hawajawahi kukaa meza moja bila mmoja kuondoka. Hata Mzee mwenyewe, kisheria, analima shamba la marehemu.

Mimi ndiye nitakayemwagilia miche kiangazi. Mathee ndiye atakayekata nepia. Lakini pesa ya mti, ikija, itatafuta karatasi. Na mimi karatasi niliyo nayo ni ya chuo ambacho sikumaliza.

Ndiyo, kuna sheria mpya. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya kaboni ya ardhi iipe jamii asilimia 40 ya mapato yake ya kila mwaka baada ya gharama, na kuwe na mkataba wa maendeleo na jamii. Pia yanataka rejista ya kitaifa ya miradi ya kaboni. Poa sana. Lakini soma vizuri: mkataba huo wa jamii unahusu miradi kwenye ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Ukiwa na ekari zako tatu za hati binafsi kama wengi wetu Trans Nzoia, ulinzi wako mkubwa ni ile karatasi utakayotia saini. Jamaa wa fomu anajua hivyo.

Kwa hivyo akija kwenu, na atakuja, muulize mambo matano kabla hujatoa hata nakala ya kitambulisho:

1. Mradi umesajiliwa wapi, na kwa jina gani? Mradi halali hauogopi kutafutwa.

2. Nitalipwa kwa mti, kwa ekari au kwa tani, na bei ni ngapi leo? Akijibu "inategemea", muulize inategemea nini, na aandike.

3. Pesa itaingia lini, na kwa simu ya nani? Hapa mjumuishe mathee na vijana wanaofanya kazi, iandikwe kwenye karatasi.

4. Mkataba ni wa miaka mingapi, na nikikata mti mmoja wa kujengea inakuwaje? Mti wa kaboni si wa kukata ovyo. Kuna mikataba inayopita umri wa mtoto wako wa kwanza.

5. Mimi ndiye ninayelipa kujiunga? Kama ndiyo, mwonyeshe njia ya kurudi Kitale.

Na kuna mlango mwingine ambao vijana hatuubishi. Ule mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, unaojulikana kama FLLoCA, hupitisha pesa kaunti, na kamati za wadi ndizo hupendekeza miradi. Pesa hiyo haiingii mfukoni mwa mkulima mmoja, lakini inaweza kulipia kitalu, makinga maji, au ukingo wa mto mzima. Endebess tuna wadi tatu: Chepchoina, Endebess na Matumbei. Kikao kikiitwa, wazee huenda, sisi tunabaki stendi tukibishana kuhusu Arsenal. Halafu mradi ukija ni wa kitu ambacho hatukuomba, tunapost hasira mtandaoni. Nimefanya hivyo mara nyingi, najijua.

Nilirudi kwa Mzee

Wiki tatu baada ya ile chai, nilirudi nyumbani na hesabu. Nilikaa naye kwenye kivuli cha mparachichi, nikamwambia ukweli.

"Mzee, kaboni hailipi. Tukipata, ni pesa ya chumvi. Serikali nayo bado."

Akanitazama. "Kwa hivyo ulikuwa unanidanganya?"

"Hapana. Nilikuwa sijapiga hesabu. Sasa nimepiga. Ile robo ekari mwaka jana ilitupa magunia mangapi?"

"Moja na nusu."

"Tukalipa ngapi? Trekta, mbegu, mbolea, kupalilia, dawa ya viwavi?"

Hakujibu haraka. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi, akafuta, akachora tena. Mzee wangu hapendi kushindwa, lakini hesabu za shamba hawezi kudanganya. Gunia moja na nusu halikurudisha gharama. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukilipia mto ubebe udongo wetu, na ile ruzuku ya mbolea ilikuwa ikituficha hasara.

Mathee ndiye aliyemaliza mjadala, akiwa mlangoni jikoni. "Mimi kila siku nanunua nyasi za ng'ombe kwa jirani. Wekeni nepia huko chini, hiyo pesa ibaki hapa."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi, na daftari langu lote, nilikuwa sijaandika ng'ombe kwenye hesabu.

Kwa hivyo mwaka huu trekta liligeukia juu kidogo. Karibu na maji tumeacha nyasi za kawaida zijiotee. Juu yake kuna mistari mitatu ya nepia, na kwenye mpaka nimepanda kaliandra na grevilia, miche 60. Mikaratusi Mzee aliitaka, nikamwomba tuiweke mbali, inakunywa maji sana. Alikubali shingo upande, akapanda minne kule juu karibu na choo.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mwezi wa nne. Asubuhi tulishuka wote wawili na gambuti kuangalia. Nepia ilikuwa imelala, lakini nyuma yake kulikuwa na tuta la udongo mweusi, juu kama kifundo cha mguu. Mwaka jana, udongo huo ungekuwa njiani kuelekea ziwani. Upande wa jirani yetu, ambaye bado analima hadi ukingoni, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Jirani mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo anatuangalia. Akapaza sauti: "Nyinyi mnalipwa ngapi kwa hiyo kazi?"

Mzee alinigeukia, kana kwamba swali ni langu. Na ni langu kweli, hata sasa. Yule jirani ana ekari moja tu na watoto sita, hana ng'ombe, na hana kijana wa kumpigia hesabu. Kwake robo ekari si hasara ya kufuta vumbini, ni unga wa miezi miwili. Yeye hawezi kuacha ukingo kwa sababu ni vizuri. Atauacha siku mtu wa chini, au serikali, atakapomwekea bei kama ile ya Hoima, yenye tarehe, na itakayofika kwa simu yake.

Nilimjibu: "Bado, mzee wetu. Lakini kikao cha wadi kikiitwa, twende pamoja ukawaulize hivyo hivyo."